Bahasha Niliyoikataa Mara Mbili

Jumamosi, Juni 2011

Yaani mimi, mtu ninayegeuza nyanya mara tatu kabla ya kununua, leo nimenunua gari bila kusoma karatasi zake.

Niliona mistari ya rangi kwenye boneti na nembo ya toleo maalumu, akili ikaruka. Mwenye gari, Mzee Salum wa mtaa wa Don Mills huku ughaibuni, ni mtu wa Tanga kama mimi. Akanikirimu chai na vitumbua, kisha akanisogezea bahasha. "Kagua kwanza, mwanangu." Nikairudisha. Akaisogeza tena. "Aa, mzee wangu, neno lako linatosha." Kitumbua chake kiko mdomoni, nianze kumkagua kama polisi? Bei ilikuwa nafuu mno. Nikasema huo ndio undugu.

Nimerudi nyumbani North York nikiungurumisha injini mtaa mzima. Jirani yangu Rashidi, fundi magari, ameitafuta namba ya chasisi kwenye kompyuta, akacheka hadi akakaa chini. Ni gari la kawaida. Nembo imebandikwa tu.

Nikampigia mzee, nimefura. "Si nilikuwekea bahasha kwenye kiti? Ifungue," akasema kwa upole.

Mwandiko wake mwenyewe: "Si toleo maalumu. Mapambo niliweka mimi."

Mke wangu amewaita watoto, akawasomea kwa sauti. Halafu akaniuliza kama vitumbua vilikuwa vitamu.