Daftari la Tarehe Nyekundu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Uvira, tarehe 21 Agosti 2013, saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Jina: Irambona Pudentienne. Umri: miaka 47. Kazi: mfagiaji, maabara ya kupimia kifua kikuu. Makao: Rugenge. Elimu: nilijifunza kusoma kwa maandishi ya chupa za maabara.

Nimeitwa kwa ajili ya daftari la majibu ya vipimo lililopotea, ambalo limemlaza hapa mzee Gaspard, mpimaji wetu, siku mbili.

Mnamo tarehe 12 ililetwa kompyuta. Nilitaka kujua inavyokula maandishi, hivyo nikafagia chumba kile mara tano kwa siku. Hakijawahi kuwa safi hivyo. Papa Délice, aliyekuja nayo, aliinakilia kutoka daftarini watu 612 waliopimwa. Mzee Gaspard alikuwa kwake, anaumwa malaria.

Tarehe 17, saa nne asubuhi, Délice alimwambia mkuu wa maabara: "Mambo iko sawa. Daftari tutaichoma kesho. Vita hii, majina ya watu haifai kubakia mu kabati." Sikuona ubaya. Wengi wao walikimbia mapigano ya Luberizi na Nyakabere, na si kila anayewatafuta huwaletea dawa.

Ndipo nikachungulia kioo cha kompyuta. Kila mstari: tarehe nyeusi, na neno "hana", yaani hana ugonjwa.

"Papa Délice, nyekundu iko wapi?"

"Nyekundu gani, mama? Weye fagia."

Nieleze. Watu hujipanga dirishani na shingo zao ni ndefu. Mtu husoma jibu la jirani kabla ya lake. Kwa hiyo mzee Gaspard huandika tarehe tu. Ya bluu, mtu ni mzima. Ya nyekundu, anaumwa. Tumezoea hata hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni, naye asipoona neno la ugonjwa akaandika "hana". Kwa dakika moja Uvira nzima ilipona.

Nilimwambia mkuu. Akajibu mashine haikosei. Saa saba nililitia daftari ndani ya ndoo, chini ya kitambaa. Ufunguo wa kabati hukaa kwenye boksi la glavu.

Tarehe 18 watu wakaanza kujibiwa dirishani kwa kompyuta: hana, hana. Tarehe 19 mzee alirudi, akauliza daftari. Mkuu, ambaye alikuwa amelikosa kabatini, akasema mzee ameuza majina kwa wenye silaha, akamleta kwenu.

Sikuja mara moja. Kitu kikiingia kabati la polisi hakitoki, hivyo nilitaka kwanza kunakili wenye nyekundu, mzee akijua, na mimi huandika polepole. Jana nilipomletea mzee ugali alininong'oneza: "Umefika wapi?"

"Mutu wa thelathini na saba."

"Endelea, mama. Minye niko na pa kulala."

Leo asubuhi nimemaliza. Wagonjwa ni 58. Nakala anayo muuguzi Noella, ameshaondoka kwenda kuwatafuta. Daftari ni hili mezani.

Hayo ndiyo niliyoona na niliyofanya. Nimesomewa, kisha nikayasoma mwenyewe.

(Sahihi) Irambona P.

Maandishi ya afisa: Daftari limepokelewa. Gaspard ameachiliwa saa tatu. Dada yangu Marie-Rose yuko ukurasa wa 31. Juzi dirishani aliambiwa hana kitu. Tarehe yake ni nyekundu. Naomba ruhusa ya kutoka kazini sasa hivi.
(Sahihi) Sylvestre, afisa wa upelelezi.