Chupa Mbili, Kichwa Kimoja

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimeingia kwenye utafiti wa shampuu pale kliniki. Wanaume wenye mba tu. Nesi Monika kanipa chupa mbili: nyekundu upande wa kulia wa kichwa, nyeupe upande wa kushoto. Moja ina dawa, nyingine povu tu. Ipi? Hata yeye hajui. Masharti: nisichanganye, nisipake mafuta, nisinyoe mpaka picha ya mwisho, Ijumaa tarehe 20 Juni. Atakayemaliza atapewa yenye dawa ya kutumia mwaka mzima. Madukani hapa Sumbawanga sijaiona.

Naihitaji! Tangu mteja aone mba kwenye chai yake, Mama Stefania, mwenye mgahawa, kanitoa kaunta, naosha vyombo nyuma. Nitarudi mbele kichwa kikiwa safi – kasema mbele ya wote.

Jumatano, 14 Mei
Maji ya baridi mno. Kuosha nusu kichwa ni kazi – nainamia beseni ubavuubavu, taulo katikati. Abeli, ninayeishi naye chumba kimoja hapa Kizwite, kasimama mlangoni: "Mshikaji, unajibatiza kwa awamu?"
Sioni tofauti yoyote.

Jumamosi, 31 Mei
Kulia hakuna kitu! Nimechana juu ya kitambaa cheusi – safi. Kushoto – unga wa sembe. Basi dawa ni nyekundu. Nani atajua nikiipaka pande zote? Nimeifungua. Nimenusa. Nimeifunga.
Mama Stefania kanipekua kichwa kama anachambua mchele. Eti nusu hii inaruhusiwa kaunta, nusu ile ibaki na masufuria.

Jumapili, 15 Juni
Baba mkubwa Zenon amefariki.
Baba alipokufa yeye ndiye aliyenichukua. Akanisomesha mpaka kidato cha nne. Naondoka sasa hivi kwenda kijijini. Nimetia chupa zote mbili kwenye begi. Aibu.

Jumanne, 17 Juni
Tumemzika. Kesho watoto wake wa kiume wananyolewa, na mimi nahesabiwa mtoto wake. Nimemwomba Shangazi Justa, dada wa marehemu, anisubiri mpaka Ijumaa, niko kwenye matibabu. Akageuka, akaendelea kukunja mikeka. Mtani wetu Vitus alikuwa anasikiliza. Akatangaza uani: "Jamani, huyu halii msiba, analilia nywele!" Wote wakacheka. Shangazi hakucheka.

Nimepanda kichuguu nyuma ya shamba la ulezi, ndiko kwenye mtandao. Monika anasema nikinyolewa nimetoka kwenye utafiti. Atamwuliza daktari kama picha inaweza kuwahi.

Jumatano, 18 Juni
Asubuhi Monika kimya. Wamenikalisha kwenye kigoda, maji yakamwagwa kichwani. Nikaanza kueleza tena. Shangazi akanikata: "Enock, inama. Kaka yangu alipokuchukua hakukwambia usubiri mpaka Ijumaa."

Nikainama.

Akaanza upande wa kulia. Wembe ukateleza vizuri. Akasifu hata ngozi – kama ya mtoto! Alipofika kushoto mkono ukasimama. Magamba, na vidonda nilivyojikuna usiku. Akasema hapa hapitishi wembe, damu isimwagike siku ya kunyoa. Asubiriwe Baba mdogo Clemens, aliyekwenda kusindikiza wageni. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, ataamua.

Vitus kapita, kaangalia, kageuza njia.

Nimejifunika shuka, nimekuja tena kichuguuni. Ujumbe wa Monika umeingia: "Daktari amekubali. Njoo kesho asubuhi tukupige picha kabla hawajakunyoa."

Nimeusoma mara nyingi. Nimjibu nini? Nywele za kulia ziko kwenye beseni la Shangazi.

Upepo unaingia chini ya shuka. Kulia baridi, kushoto panawasha. Kule njiani Baba mdogo anarudi. Shangazi ametoka kumpokea, na anamwonyesha kwa kidole huku niliko –