Chuma Kinachopanda Kila Siku

Mama yangu,

Nakusalimu weye kwanza, halafu nyumba yote. Mumeamka aje huko Uvira? Mugongo wako umepoa kidogo tangu mukimbie vita Luberizi kwa miguu? Minye niko muzima, ila baridi ya huku ng'ambo haina adabu.

Uliniuliza kazi yangu mupya ni ya nini. Utacheka. Niko kwenye mugodi. Makaa yake ya mawe yaliisha zamani, wakauacha wazi. Sasa wanautumia kuweka akiba ya umeme. Muchana, umeme wa jua na wa upepo ukizidi, mashini inavuta chuma kikubwa hadi juu. Jioni watu wakiwasha taa, chuma kinashuka polepole, kinazungusha mashini, umeme unatoka. Kesho yake kinapanda tena. Minye ninapaka kamba zake grisi.

Juma lililopita kamba ilikatika, chuma kikabaki chini. Wakaja mainjinia na taa kubwa, hakuna aliyekula mpaka kilipotoka. Shefu wetu wa kazi akanipiga bega: "Hatuwezi kuacha chuma chetu chini." Nikaenda nyuma ya magari, nikalia kwa hasira. Bahati, mutoto wa tumbo lako, alifunikwa na udongo akichimba dhahabu kule mulimani, na wale wenye bunduki wakakataza hata jembe moja la kumufukua. "Shimo iko yetu," walisema, wakatufukuza. Chuma kimepata watu wa kukitafuta, mudogo wangu hakupata.

Baba mudogo amenipigia tena. Anataka mugomba ukatwe, uzikwe badala ya mwili wa Bahati, matanga yaishe, na anangoja neno langu kwa kuwa minye ndiye mwana mukubwa. Siku zote nilimukatalia kwa ajili yako, kwa sababu bado unamuwekea Bahati bugali kwenye sahani. Nilisema labda alitokea upande mwingine, labda alivuka muto Ruzizi, yuko Burundi. Sasa ninajua mugodi, Mama. Kitu kilicho chini hakipandi kama juu hakuna muntu anayevuta, na sisi hatukuachiwa kuvuta.

Kwa hiyo nimesema ndiyo. Unikasirikie ukitaka, minye pia nimejikasirikia. Luberizi hakufikiki, basi mugomba muuzike hapo nyuma ya nyumba ya shangazi aliyewapokea. Na chakula cha ile sahani, umupe dada Furaha akile.

Musalimie shangazi, baba mudogo, na katekista atakayewaombea siku hiyo.

Ni minye mwana wako, Byamungu.

Mwambie baba mudogo achague mugomba murefu. Bahati alikuwa amenipita.