Libanga Hakuwa Bubu

Mpendwa Papa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nawe unanijua, nikikasirika sinyamazi. Wiki iliyopita walikuita mwongo mbele ya watu, na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Unaikumbuka ile katuni ya mabaharia wa angani? Nahodha mpumbavu, chombo kibovu kinachotoa moshi kati ya nyota, na nje, juu ya paa, sanamu ya jiwe yenye pembe na mabawa imeng'ang'ania kama popo. Katika filamu nzima sanamu hiyo inaonekana mara chache tu. Katuni ilifika Kisangani kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, hata wewe. Lakini wewe ndiye uliyekuwa mfasiri katika sinema ya Tonton Dédé pale mtaani Makiso, kile chumba cha mabati chenye televisheni moja, na kila Jumamosi alasiri sisi watoto tulibanana kwenye mabenchi tukingoja utuambie wanasema nini.

Ukampa yule wa jiwe jina, Libanga, jiwe kwa Kilingala. Ukampa na maneno. Nahodha na wenzake wakikaa kula, Libanga anachungulia dirishani, nawe unashika mikro, kile kipaza sauti, na kukwaruza koo: "Na miye je? Muliniacha inje tena." Halafu analalamika kama mwendesha toleka aliyebeba mtu mnene kwenye baiskeli yake: "Bon, mugongo inauma, na barabara ya huku juu iko na mashimo kuliko ya kwetu." Sisi tunamkaribisha kisamvu kwa kelele: "Ingia, Libanga, pondu iko!" Tulikuja kwa ajili yake. Nahodha hatukumjali hata kidogo.

Siku moja nilikuuliza kama kweli alisema hivyo. Ulikuwa unamenya chungwa, hukuinua hata macho. "Mutu akiachwa inje na mvua," ukasema, "atasema nini ingine?" Nikaridhika.

Basi, wiki iliyopita mpwa wa Tonton Dédé alileta filamu ileile kutoka Kinshasa, safari hii kwa Kifaransa. Tukaiweka. Siku hizi mikro ninashika mimi, lakini Tonton akasema niiache, tusikie wenyewe. Libanga akachungulia dirishani, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mwanzo hadi mwisho hasemi hata neno moja. Tonton akajipiga paja kwa kicheko. "Kumbe papa yako alitudanganya hii miaka yote. Ile kitu iko bubu." Akaniambia kuanzia sasa nifasiri Kifaransa kilichomo tu, la sivyo nimrudishie mikro yake.

Usiku ule niliona aibu, nakiri. Nilikuonea wewe aibu, Papa. Asubuhi nikaionea aibu hiyo aibu yenyewe, kwa sababu niliikumbuka hospitali.

Ugonjwa wa koo ulipokuchukulia sauti, nani alikusemea? Niliwaambia wauguzi: Papa anataka maji ya vuguvugu. Papa hataki dirisha lifungwe. Wewe hukutamka kitu. Nikipatia uliniminya mkono, nikikosea ulinifinya. Nilipomwambia shangazi kwamba umemsamehe, ulinifinya hadi nikatoka machozi, naye akadhani nalia kwa huruma. Kisha, baada ya muda mrefu, ukaniminya mkono. Miezi ile yote, hadi tulipokuzika, hakuna aliyesema kwamba kitandani yuko bubu na binti yake ni mwongo. Walileta maji ya vuguvugu.

Kwa hiyo jana nilikwenda tena sinemani. Filamu ikaanza kwa Kifaransa chake. Wakaketi kula, Libanga akatokea dirishani, nami nikawasha mikro.

"Weye, acha," Tonton akasema.

Nikakwaruza koo. "Na miye je? Muliniacha inje tena."

Watoto wa siku hizi, ambao hawakulijua jibu letu, wakageuka kunitazama. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, ya yule mama muuza mikate ya kukaanga, ambaye zamani alikaa nami benchi moja. Hakuacha hata kukaanga. "Ingia, Libanga," akasema. "Pondu iko."

Mara ya pili Libanga alipochungulia, watoto walijibu wote.

Tonton Dédé amechukua mikro yake. Amesema Jumamosi nisionekane pale, na kwamba mlango ataufunga yeye mwenyewe. Aufunge. Mabati yale yana matundu, na koo lako ninalo mimi. Libanga akitokea dirishani, Papa, nitamsemea nikiwa nje.

Pumzika. Mvua imeanza na dirisha la chumba chako nimeliacha wazi.

Ni mimi,
binti yako uliyemfinya