Kibuyu cha Darmi Kisiguswe na Sabuni

Gacheri binti yangu,

Maharagwe yako motoni, ongeza maji. Kibuyu hiki hapa mezani usikioshe na sabuni kama kile cha kwanza.

Darmi alifika asubuhi na maziwa, ametoka kambini Garbatulla wanakozuiliwa Waborana, juu ya lori, na ruhusa ya siku moja tu. Alinusa kile ulichosugua, akaniuliza, "Mzee, moshi wangu ulinuka vibaya?" Waborana hufukiza vibuyu, Gacheri. Ndiyo ladha ya kwao. Nikamwambia hukujua, hakuniamini. Kinanu naye akaonja maziwa, akatema mbele ya Darmi, mama aliyemzaa akakupa umlee. Darmi akacheka kidogo, akajitanda shuka, akaondoka bila chai. Akienda hivyo hatarudi.

Nimetembea mpaka Moyale kwa miguu, lakini kukaa kati yako na Darmi ndiko kumenichosha. Nakwenda na Kinanu tumpate pale kwenye kizuizi cha barabarani kabla lori halijaondoka. ~~Nitamwambia asisumbuke mpaka vita viishe.~~ La. Nitamwambia umeniuliza wanafukiza kwa kuni za mti gani.

Kwa hiyo akija tena, muulize.

Tutarudi kabla ya kafyu.

Baba yako