Jina la Furaha Katika Sauti ya Kilio

Baraka, muji wa ku ziwa, 1956

Siku ya pili, 8 mwezi wa tano
Nimefunga nyuzi mpya ku gitari. Wimbo wa Furaha, bibi yangu wa ndoa, umekwisha. Ni mutamu, nasema bila haya. Sauti nimeitoa kwenye kilio tulichomuimbia babu kule Lubondja. Bazee wanakataza kutia jina la mutu aliye hai katika sauti ya kilio. Aka! Mambo yao. Siku ya posho, tarehe 12, muzungu anakuja na mashini ya kushika nyimbo. Nitasikiwa mpaka Usumbura. Kwa sasa wimbo uko kwenye kurasa za kaye yangu tu. Sijamuimbia mutu, hata Furaha.

Siku ya tatu, 9
Asubuhi bamama sita wa Swima mulangoni. Unga wa muhogo, kuni, machozi. Wamekuja matanga ya Furaha. Furaha mwenyewe ndiye amewafungulia. Mumoja akatupa kuni, akakimbia. Furaha amecheka mpaka akakaa chini.
Mi sikucheka. Walifika wakiimba wimbo wangu. Maneno yote.

Siku ya ine, 10
Kaye iko ndani ya sanduku, kufuli mahali pake. Nani amesoma? Bale bamama hawajui hata a.
Nimepanda kinga, nikakanyaga pedali mpaka Swima. Wanatwanga muhogo, wanauimba. Nikauliza wameutoa wapi. "Kwa kilio cha Furaha wa Baraka. Si we ulikuwa mbele yetu, unalia?" Wamesema hivyo mchana kweupe, bila mzaha.
Nimerudi. Furaha iko na homa.

Siku ya tano, 11
Homa haishuki. Dawa ya dispanseri, bure. Furaha haniangalii, anaangalia mulango tu.
Nimechoma kaye yote. Nyimbo za miaka saba. Moto haujazima, nikasikia mutu ku muto anaimba ubeti wa pili wa ule wimbo. Naogopa. Ni mi nimefanya hii, na kiburi changu.
Mama mukwe amefika kutoka Fizi. Nimemueleza yote. "Maji yakimwagika hayazoleki," amesema. "Kilio kikitoka kinataka jina. Moto hautakizima. We mwenyewe utafute jina lingine." Basi.

Siku ya posho, 12
Homa juu zaidi. Muzungu amekuja, watu wamejaa. Nimeimba. Kila mahali pa Furaha nimetia jina langu.
Sijawahi kuimba vizuri hivi. Hakuna aliyepiga makofi. Bamama walifungua vitambaa vya kichwa kama matangani, wakatazama chini.

Siku ya yenga, 13
Furaha ameamka mwenyewe. Homa imekwisha kabisa. Ameomba ndagala, samaki wadogo wa ziwa, na pilipili, amekula ugali yote. Mungu asifiwe.
Nimemusalimia mara tatu, macho yake yananipita kama hapa hakuna mutu.
Sasa anamuhadisia mama yake namna nilikuwa napenda kichwa cha samaki, namna nilikuwa nachelewa misa kila yenga. Anaeleza polepole, hakosei hata kimoja. Niko kwenye kiti pembeni yake, nasikiliza. Sauti yake imerudi na nguvu.