Herufi za Kwenye Injini

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Huku Ibra, Omani, sote tu wazima, na mama yako anakusalimu.

Unauliza kama ununue gari la kampuni hii mpya, maana huko Sur kila mtu analisifu. Hapo ndipo ninapoingiwa na shaka.

Zamani Unguja, baba alileta gari la kampuni changa. Mama hata birika hakununua bila kuligeuza atazame muhuri wa fundi. Akafunua boneti.

"Yaa Baba Zuwena, herufi za injini si hizi za mbele!"

Baba akacheka. "Kwani nimenunua birika?"

Mwaka haukuisha, kampuni ikafa. Spea tulizipata kwa kampuni nyingine, ile yenye jina la kwenye injini.

Basi funua kwanza, halafu niandikie umeona jina la nani.

Bibi yako, Zuwena